Bibi Aliyelala Kibuyuni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kibuyu kikawa!
— Kikafunikwa!
— Nani kakifunua?
— Si sisi!

Hivyo hivyo, semeni si nyinyi. Kila mtu husema si yeye, huku mdomo wake umepakaa maziwa. Haya, kaeni. Wewe unayeparuza sufuria, acha. Ngano hii haipendi kelele, na tukifika mwisho utajua kwa nini.

Hapo kale alikuwako Bi Kirukanjia. Kirukanjia mnamjua: mdogo kuliko panya, pua ndefu, macho kama hana, na harufu yake hufika kabla yake. Na sheria yake mnaijua. Kirukanjia havuki njia. Akikanyaga njia ya watu hafiki upande wa pili. Hufa palepale katikati, bila jeraha, miguu juu. Asiyeamini na apite njiani asubuhi atazame. Mama yake Bi Kirukanjia alikufa hivyo. Bibi yake, Bibi Somoe, naye alikufa hivyo, pua imeelekea nyumbani. Kwa hiyo Bi Kirukanjia aliishi upande wa juu wa njia, katika kichuguu kilichohamwa na mchwa, yeye na watoto wake saba, na upande wa chini aliusikia kwa watu tu.

Bibi Somoe alimwachia urithi mmoja: kibuyu cha maziwa. Tena urithi wenyewe si kibuyu, ni kilichokuwa ndani. Maana maziwa hayagandi kwa kuombwa, yanataka mbegu. Ukinywa mgando wako unabakiza vijiko viwili chini ya kibuyu, na mabaki hayo ndiyo yanayogandisha maziwa mapya. Ya leo yamegandishwa na ya jana, ya jana yamegandishwa na ya juzi, na ukirudi nyuma hivyo hivyo unafika kwenye mkono wa Bibi Somoe. Nyuma ya mkono wa Bibi Somoe kuna mkono wa bibi yake. Nyuma ya huo sijui, na sitaki kujua.

Alikuwa na mbuzi mmoja. Msiniulize kirukanjia humkamuaje mbuzi. Alimkamua.

Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka pua yake iweze kuyavumilia. Aliihamishia mbegu kwenye kata. Alitia kaa la moto ndani ya kibuyu, akakizungusha, chwa-chwa-chwa, moshi ukajaa, akalimwaga kaa. Aliirudisha mbegu, akamimina maziwa juu yake, akafunika, akakizungushia matambara mpaka kikaonekana kama mtoto mchanga. Kisha akawageukia wanawe saba.

"Kibuyu hakisogezwi," alisema.

"Hakisogezwi," waliitikia.

"Hakifunuliwi."

"Hakifunuliwi."

"Hakisemeshwi."

"Kwa nini, Mama?" aliuliza Kitinda, yule wa mwisho.

"Kuna anayelala."

Watoto wale hawakuwa na chakula kingine. Maziwa mabichi waliyatapika, na wadudu walikuwa hawajaweza kuwatafuna. Mgando ndio uliowaweka hai, na Bi Kirukanjia alilijua hilo kila alipowahesabu. Wakitoka nje walitoka kwa mstari, kila mmoja amemng'ata mwenzake mkia, na Kitinda nyuma kabisa. Mradi Kitinda ameushika mkia barabara, mama yao alilala usingizi.

Basi mchana mmoja, jua la utosi, saa ambayo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake, Bi Kirukanjia alikwenda kumkatia mbuzi majani. Kulikuwa kimya. Hata nzi walinyamaza. Upande wa chini wa njia akaamka Fisi.

Fisi wa ngano hii alikuwa mkubwa, shingo nene, taya za kuvunja mfupa wa nyati. Alikuwa amekula kila kitu upande wa chini: mizoga, ngozi, viatu, na usiniulize alichimba nini makaburini. Alinusa. Mff, mff. Akavuka njia, top, top, top. Njia haimuui fisi. Njia ina upendeleo wake.

"Hodi," alisema Fisi.

Watoto wamejibanza kwenye ufa, kimya.

"Hamna mtu?"

Kimya.

"Kama hamna mtu, basi hakina mwenyewe."

Alikisogeza kibuyu. Alikifunua. Akakiinua juu, gugu, gugu, gugu, maziwa ambayo yalikuwa hayajamaliza kuganda, nusu mazito nusu majimaji. Akala na mbegu. Akaingiza ulimi ukazunguka kila upande mpaka kibuyu kikalia kwii. Halafu akatia mdomo kwenye shingo ya kibuyu akasema, "Aaah!" kwa raha. Akakitupa, akaenda zake.

Bi Kirukanjia aliporudi aliwakuta watoto wamejipanga mlangoni.

"Mama, kibuyu kimesogezwa."

"Mama, kibuyu kimefunuliwa."

Majani yakamwanguka. "Kimesemeshwa?"

"Kimesemeshwa, Mama," alisema Kitinda. "Alisema 'aaah' ndani yake. Na kitu kikamjibu."

"Ni mwangwi huo, mwanangu."

"Mwangwi husema ulichosema," alisema Kitinda. "Hiki kilisema kingine."

Hakumsikiliza. Alikuwa ameingiza kichwa kibuyuni, ananusa, anatafuta tone moja tu, na tone hilo halikuwamo. Akalia. Alimlilia bibi yake mara ya pili, na mara hii ilikuwa chungu zaidi, kwa kuwa ile ya kwanza angalau alibaki na kitu cha kukoroga.

Hakukata tamaa upesi. Alikamua, akachemsha, akafukiza, akamimina, akafunika. Kesho yake alipofunua, harufu ilimrudisha nyuma. Ulimi wa fisi umepita mle. Maziwa yalikuwa yameoza, utando wa kijani juu. Aliyamwaga. Siku ya pili watoto walitoka nje kwa mstari, na hatua ya nne Kitinda akauachia mkia. Hakulia. Alikaa tu pale mchangani, akiwatazama wenzake wanavyokwenda.

Hapo Bi Kirukanjia alikwenda mpaka ukingoni mwa njia, akasimama. Ng'ambo, chini ya mwamba, Fisi amelala mlangoni kwake, kinywa wazi. Upepo ukatoka chini ukamletea harufu. Alinusa mizoga. Alinusa uvundo wa meno. Na katikati ya uvundo huo akanusa kitu anachokijua tangu utotoni, uchachu wenye moshi kidogo. Akakaza macho yake mabovu. Sharubu za Fisi zilikuwa zimekauka nyeupe.

Ee, fisi na maji ya uso hawasalimiani! Siku mbili nzima, na hajajifuta. Mbegu ya Bibi Somoe ilikuwa pale, imegandia usharubu kwa usharubu, na kati yake na Bi Kirukanjia ilikuwa njia, hatua kumi na mbili za kirukanjia.

Alinyoosha mguu. Kucha moja ikagusa vumbi la njia. Lilikuwa baridi, saa sita mchana. Akaurudisha mguu upesi.

Akaketi, akafikiri. Kirukanjia mdogo, lakini akili si mwili. Akajiambia: sheria inasema akikanyaga hufa. Imesema kukanyaga. Haikusema lolote juu ya kubiringika.

"Wanangu," alisema, "naingia kibuyuni. Nisukumeni."

"Mama, kibuyu hakisogezwi," walisema.

"Leo kinasogezwa."

Aliingia kwa shingo ya kibuyu, akajikunja. Ndani kulinuka moshi wa bibi zake wote. Watoto sita walisukuma. Kitinda hakuwa na nguvu, alisukuma kwa macho. Mteremko ukakipokea kibuyu: biring'i, biring'i, biring'i. Kikaingia njiani. Biring'i, biring'i. Kikapunguza mwendo. Biring'i. Kikasimama.

Kilisimama katikati ya njia, kwenye kijishimo, palepale alipoanguka Bibi Somoe.

Bi Kirukanjia hakupumua. Akisukuma kwa ndani, kibuyu kitapinduka na kumtema vumbini. Akikaa, jua litamwoka. Aliogopa, nami sifichi, aliogopa mpaka meno yakagongana. Akanong'ona kwenye ukuta wa kibuyu, "Bibi, nimekwama."

Kibuyu kikasogea. Taratibu, kama mtu anayesukumwa na kiganja. Kikapanda ukingo wa kijishimo, kikavuka, kikashika mteremko wa upande wa chini. Labda ni upepo. Mimi nimepita njia ile saa sita mchana, na upepo sikuuona. Lakini labda.

Biring'i, biring'i, biring'i, ko! Kikagonga mwamba wa Fisi.

Fisi akafumbua jicho. Kibuyu alichokiacha kitupu upande wa juu kiko mlangoni kwake, kimekuja chenyewe.

"Nani?" aliuliza.

"Kirukanjia," sauti ilitoka kibuyuni, nyembamba, yenye mwangwi.

Fisi akacheka, nya-nya-nyaa. "Mwongo. Kirukanjia havuki njia."

"Mzima havuki," ilisema sauti.

Fisi akakata kicheko. Akatazama njia. Akatazama kibuyu. Pua ndefu ikachomoza kwenye shingo ya kibuyu, ikafuatiwa na Bi Kirukanjia mwenyewe, amepakaa majivu ya kibuyu kichwa hadi mkia, mweupe pepepe.

"Basi wewe ni…" alisema Fisi.

"Malizia mwenyewe."

Fisi alirudi nyuma mpaka makalio yakagusa mwamba. Huyu, msisahau, amekula wafu wengi, na kila mla wafu ana hofu moja tu, kwamba siku moja watamdai.

"Bi Kirukanjia, mama yangu," alisema, "mimi sijakuua. Mimi maziwa tu. Nusu kibuyu!"

"Maziwa ni ya mbuzi, chukua. Mimi namtafuta bibi yangu."

"Bibi gani?"

"Bibi Somoe. Alikuwa amelala kibuyuni. Ulimsogeza, ulimfunua, ulimsemesha. Kisha ukamnywa. Aliwekwa agande, hajaganda, umemwamsha katikati. Msikilize."

Wakanyamaza wote wawili. Na nyie nyamazeni. Maziwa ambayo hayajamaliza kuganda yakikaa siku mbili ndani ya tumbo lililojaa mfupa na kiatu, mnafikiri yatalala? Tumbo la Fisi likaita: ngruuu. Likanyamaza. Likaita tena: ngruuu, pwa, pwa.

"Anatembea," alisema Bi Kirukanjia.

"Anatafuta nini?" Fisi aliuliza.

"Mlango."

Fisi akafunga mdomo wake kwa mikono miwili. Halafu akakumbuka kwamba ana mlango mwingine, akaukalia.

"Nifanye nini, mama?" alinong'ona katikati ya vidole.

"Wewe ndiye kibuyu sasa," alisema Bi Kirukanjia. "Kibuyu hufukizwa. Kibuyu hufunikwa. Na kibuyu hakisogei, hakifunuki, hakisemi, mpaka aliyemo apate usingizi. Lala chali."

Fisi akalala chali. Bi Kirukanjia alikusanya majani makavu, akakoka kijimoto cha moshi karibu na pua ya Fisi. Akamfunika tumbo kwa nyasi. Akamwambia afumbe macho, na akiyafumbua atamwona anayemtazama. Fisi akayafumba mpaka yakatoa machozi.

Sasa ikabaki kazi yenyewe. Bi Kirukanjia akapanda kidevuni. Chini yake taya lile la kuvunja nyati. Pumzi ya moto ikimpuliza, huu, huu. Akaushika usharubu wa kwanza kwa meno, akaukwangua, krr, na punje nyeupe ikaanguka kwenye jani. Akaushika wa pili, krr. Wa tatu, krr. Na huku anaimba kwa sauti ya chini, wimbo ambao Bibi Somoe aliuimbia kila kibuyu:

Lala maziwa, lala,
aliyekukamua hayupo,
aliyekufunika yu macho,
lala, usiulize mlango.

"Unafanya nini usoni mwangu?" Fisi aliuliza kwa pua.

"Kibuyu hakisemi."

Krr. Krr. Umebaki usharubu mmoja, ule mrefu wa juu, wenye bonge kubwa kuliko yote. Moshi ukageuka. Ukamwingia Bi Kirukanjia puani. Akajizuia. Akajizuia sana. Haikuzuilika.

"Chwi!"

Jicho moja la Fisi likafumbuka. Lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha Bi Kirukanjia, tena karibu, na polepole likajaa akili.

"Maiti," alisema Fisi, "hupiga chafya?"

Meno yalikuwa wazi. Bi Kirukanjia akilini aliwaona watoto wake saba mchangani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ameuachia mkia.

"Hapana," alisema. "Aliyepiga chafya yumo tumboni mwako."

Ngruuu, lilisema tumbo. Pwa.

Fisi akalifumba jicho. Bi Kirukanjia akaukwangua usharubu wa mwisho, krr, akalikunja jani.

Kivuli cha mwamba kilipofika mkia wa Fisi, alimwambia, "Amepata usingizi. Amka taratibu. Nibebe ndani ya kibuyu unirudishe upande wa juu, maana mfu akiachwa ng'ambo hatulii, na mimi sitaki kukaa kwako. Wewe unataka nikae?"

"La, la, la!" alisema Fisi.

Akakibeba kibuyu kwa meno yake, kwa upole ambao mama yake mzazi hakuwahi kuuona. Akavuka njia kwa kunyata. Akakiweka mlangoni kwa Bi Kirukanjia, akasimama, mkia katikati ya miguu.

"Atakaa mpaka lini ndani yangu?" aliuliza.

"Usipomtikisa, hutamsikia. Shusha kiuno unapotembea. Usikimbie bila sababu. Na kila mara muulize kama bado amelala."

Ndiyo maana mpaka leo fisi hutembea makalio chini, kama aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Na ule mlio mnaousikia mbali, uuu-wiii, si njaa. Anauliza, "Bibi, umelala?" Kisha ananyamaza, anasikiliza, halafu anauliza tena.

Bi Kirukanjia hakusubiri. Alikifukiza kibuyu mara tatu, autoe ulimi wa Fisi. Alikamua, alichemsha, akapoza. Zile punje kavu akazisaga, akaziloweka kwenye maziwa vuguvugu, akamimina, akafunika, akazungushia matambara. Watoto saba wakaketi kukizunguka kibuyu, Kitinda ameegemea mguu wa mama yake, mwepesi mno.

"Hakisogezwi," alisema Bi Kirukanjia.

"Hakisogezwi."

"Hakifunuliwi."

"Hakifunuliwi."

"Mama," alisema Kitinda, "kweli Bibi alikuwa tumboni mwa Fisi?"

Bi Kirukanjia akacheka, mara ya kwanza tangu kibuyu kimwagwe. "Nilimdanganya, mwanangu. Fisi ni mjinga. Bibi alikufa zamani. Haya ni maziwa tu."

Wakakaa. Kimya. Jua halisogei. Nzi wamenyamaza.

Ndani ya kibuyu, chini ya matambara, kitu kikasema:

"Chwi!"

Hakuna aliyesogea. Watoto walimtazama mama yao, na mama yao alitazama kibuyu.

"Afya, Bibi," alisema Kitinda.

Bi Kirukanjia aliinua kanga yake, akaizungusha juu ya matambara, akaipenyeza chini vizuri, pale penye kuingiza baridi. Asubuhi alipofunua, mgando ulikuwa umekaa imara, umekatika kwa kijiko kama ini. Kitinda alikunywa wa kwanza. Mchana alimng'ata mwenzake mkia, na hakuuachia.

Na tangu siku hiyo Bi Kirukanjia habakizi vijiko viwili. Hubakiza vitatu.

Sasa fundisho, maana wazazi wenu watauliza. Fundisho ni hili: msidanganye wakubwa, wanangu. Uongo hauna faida. Bi Kirukanjia alidanganya, na tazameni yaliyompata: watoto wameshiba, adui anatembea kiuno chini, na bibi karudi nyumbani. Mwongo hukiona cha moto! Na kama ni lazima ule cha watu, basi nawa uso.

Ngano yangu imeganda hapo. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chachu, nirudishieni kibuyu changu, kwa upole, msikitikise.

— Nani kapiga chafya?
— Si sisi!